Mnaoniuliza peni ipi ya homoni ya ukuaji, haya hapa majibu yangu

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Tangu niposti ile picha ya sefti boksi ya njano (lile la kutupia sindano zilizotumika) juu ya friji yangu, inboksi imejaa swali lile lile, mwanao anachomwa homoni ya ukuaji kwa kifaa gani na kipi ndo bora, mana kuna hizi peni, yaani sindano zenye umbo la kalamu, na kuna mashine. Wengine mko hapa hapa Uingereza, kliniki wamewaambia mchague wenyewe na mnaogopa kuchagua vibaya, wengine mko Marekani, na kuna wa Dar na Nairobi ambao ndo kwanza mmeambiwa mtoto ana upungufu wa homoni na mmeanza kuulizia. Naandika mara moja hapa niwe natuma linki tu, mana kurudia nimechoka jamani.

Kabla ya chochote, dawa ndani ni ileile. Hizi za kila siku zote mnazosikia, Norditropin, Genotropin, Omnitrope, Saizen, Humatrope, Zomacton, ndani yake ni somatropini, homoni yenye amino asidi 191 kama ile ambayo tezi ya pituitari ya mtoto mwingine inaitoa yenyewe usiku akiwa amelala. Kinachotofautiana ni maji yaliyochanganywa nayo, kihifadhi walichoweka isiharibike, na hicho kidude cha kuchomea. Kwa hiyo ukikuta wamama wanabishana kwamba wa fulani karefuka haraka kwa sababu ya peni ya bluu, wapite tu, yule karefuka kwa sababu anachomwa kila siku bila kurukwa. Na hapo ndo kwenye ishu yenyewe, kifaa kizuri ni kile ambacho saa mbili usiku umetoka kazini, miguu inauma, wali uko jikoni, mdogo wake analia, bado utakitoa kwenye friji na kumchoma mtoto bila vita. Basi. Ukichagua kwa kuangalia kinavyopendeza mezani pale kliniki utajuta mwezi wa pili.

Sisi tulipewa uchaguzi kwa sababu ya mfumo wa huku. NICE, wale wanaowaambia NHS, huduma ya afya ya serikali huku, dawa gani itolewe kwa nani, mwaka 2010 walitoa mwongozo wa homoni hii kwa watoto wenye shida sita, upungufu wa homoni yenyewe, Turner na Prader-Willi ambayo ni magonjwa ya kuzaliwa nayo, figo sugu, waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba na wakafika miaka minne bado hawajawafikia wenzao, na wale wenye tatizo la SHOX, jeni inayohusika na ukuaji wa mifupa. Ndani ya mwongozo ule wakasema daktari akae na familia wajadiliane bidhaa ipi inawafaa, waangalie pia ipi mtoto ataweza kuendelea nayo, na kama zinazofaa ziko zaidi ya moja basi ichukuliwe ya bei nafuu. Hiyo sentensi ya mwisho watu wengi hawaambiwi, ila ndo mana utaona nesi anakusukuma taratibu upande fulani. Mi simlaumu, ila ni vizuri ujue.

Sitaki kuwachosha na habari za vipimo, mnazijua, ile picha ya mifupa ya mkono wa kushoto, siku nzima hospitali mtoto hajala wanamtoa damu kila baada ya muda, kisha MRI ya kichwa. Na maneno ya ndugu njiani, mpeni uji wa lishe, mbona hata baba yake alikuwa mdogo, mara mtoto amechezewa huyo mpelekeni kwa mtu. Tuliyasikia yote tukanyamaza.

Siku ya kuchagua nesi alikuja na begi akapanga vifaa mezani pamoja na kipande cha sponji nene ambacho ndo kilikuwa paja la mazoezi. Mwanangu alikuwa mdogo bado, ndo kaanza shule, akapanda kwenye kiti akawa anavigusa kimoja kimoja. Cha kwanza alichokishika ni easypod, ile mashine ya kampuni ya Merck inayotumia Saizen. Kwakweli inavutia, ina skrini, inamsalimia mtoto, sindano hauioni kabisa, unaiweka kwenye ngozi, yenyewe inahisi imegusa, unabonyeza inachoma na inakuambia imemaliza. Dozi imeshapangwa na nesi kwahiyo huwezi ukazungusha namba vibaya, na kila ulichochoma inaandika tarehe na saa, daktari anaweza kuona usiku uliorukwa. Baba yake hapo hapo akasema hii ndo yenyewe. Mi nikaishika nikaona ni kubwa, ina betri, na katriji, kile kichupa cha dawa cha ndani, ikishawekwa mashine nzima inalala kwenye friji, nikaiwazia friji yangu ilivyo na masufuria.

Cha pili kilikuwa Genotropin, peni ambayo katriji yake ina vyumba viwili, unga chumba kimoja maji chumba kingine, ukiifunga na kuizungusha vinachanganyika. Nesi akatuonyesha, akasisitiza usiitikise, ukitikisa homoni inaharibika, unaipindua pindua taratibu tu mpaka maji yawe meupe kabisa kama ya kunywa. Hii ina vibandiko vya rangi vya kubadilisha na mtoto akazama kwenye vibandiko akasahau tulichofuata. Kuna na ndogo yake ya kutumia mara moja, MiniQuick, kila usiku unafungua mpya, unachanganya, unachoma, unatupa. Raha yake ni kwamba kabla hujaichanganya inaweza kukaa nje ya friji kwa muda, na ukishachanganya iwe imetumika ndani ya saa 24. Ubaya wake takataka.

Halafu Zomajet. Hii haina sindano kabisa, dawa inasukumwa kwa presha kupita kwenye ngozi. Wazazi wengi mnaoniandikia mnaulizia hii hii, mana mnasikia haina sindano mnadhani haina maumivu. Nesi alipoibonyeza kwenye sponji ikalia PA! mtoto akaruka kwenye kiti na habari yake ikaishia hapo, hata kuigusa tena alikataa. Kuna watoto wanaipenda sana, hasa wale ambao wakiona ncha ya sindano wanazimia, ila inaweza kuacha damu imevilia na wakati mwingine tone la damu linatoka juu ya ngozi, kwahiyo isichukuliwe kwamba ni kama kupaka losheni. Na kwa ngozi zetu damu kuvilia hauioni haraka kama kwa mtoto wa kizungu, inabidi upapase.

Tukaonyeshwa SurePal ya Omnitrope, ambayo ukiipanga dozi inaikumbuka, kesho huhesabu upya, na ina kifuniko cha kuficha sindano. Omnitrope ndo ile dawa mfanano, yaani iliyotengenezwa ifanane na iliyokuwepo tayari, ya kwanza kabisa kuruhusiwa Ulaya mwaka 2006, na kwa kawaida ndo inayotajwa mambo ya bei yakianza. Mi sina shida na dawa mfanano. Kuna dada mmoja aliniambia ni feki ya bei rahisi, hapana dada yangu, imepimwa na watoto wanakua nayo vizuri tu.

Ya mwisho FlexPro ya Norditropin, peni iliyojazwa tayari, haina kuchanganya, haina betri, haina katriji ya kubadilisha, ikiisha unatupa unafungua nyingine. Unazungusha namba, unachoma, unabonyeza, inalia tik, unahesabu mpaka sita ndo unatoa. Ukitaka kuficha sindano kuna kifaa cha kuvalisha juu kinaitwa PenMate.

Sasa angalieni jinsi watu watatu wa nyumba moja walivyotaka vitu vitatu. Mtoto alitaka mashine inayomsalimia. Baba yake alitaka inayoandika kumbukumbu, mana anafanya shifti za usiku na alijua kabisa itafika siku ananipigia simu kuuliza, umemchoma au nimchome, na mmoja wetu hana uhakika. Mi nilitaka kisicho na kazi. Nilimwambia nesi nipe ambacho hata nikiwa nasinzia nitakiweza. Na bibi yake mtoto, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kutusaidia, hakuwepo kliniki lakini yeye ndo angekuwa anachoma siku ambazo wote tuko kazini, na macho yake kwa maandishi madogo ni shida. Hili la bibi ndo lililoamua. Tulichukua FlexPro kwa sababu namba zake bibi alizisoma kwa miwani yake na ile tik aliisikia, easypod ingempa kazi ya kusoma maneno ya Kiingereza kwenye skrini kila hatua. Kumbukumbu tukaitengeneza wenyewe, kalenda ya karatasi mlangoni kwa friji na stika, aliyechoma anabandika. Baba yake aliibeza ile kalenda wiki ya kwanza, sasa hivi yeye ndo anainunua kila Disemba.

Kwahiyo swali la kwanza mjiulize nyumbani si kipi kizuri, ni nani atachoma. Si siku ya kwanza mkiwa na ari, nauliza siku ya Jumanne ya mwezi wa saba.

Huyo huyo bibi alinitoa jasho kwa swali lingine. Kuna mtu kanisani alimwambia homoni hii inatolewa kwenye maiti. Nikataka kucheka, ila ukweli ni kwamba zamani ilikuwa hivyo kweli. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 watoto walikuwa wanapewa homoni iliyokamuliwa kwenye tezi za watu waliofariki, ilikuwa haba, inachomwa kwenye msuli mara mbili tatu kwa wiki, mpaka mwaka 1985 ikagundulika baadhi ya waliochomwa wamepata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob na ikasimamishwa hapa Uingereza na Marekani. Mwaka huo huo 1985 Marekani wakaruhusu ya kwanza iliyotengenezwa maabara kwa bakteria, Protropin ya Genentech. Tangu hapo hakuna maiti yeyote humo. Nilimwelezea akasikiliza mpaka mwisho, akasema, haya mwanangu, kama ni bakteria sawa, lakini nitamwombea kwanza ndo nichome. Na mpaka alivyorudi nyumbani ndo ilikuwa hivyo, sala, tik, moja mpaka sita.

Niwaonyeshe usiku wetu ulivyo mana najua mnaogopa. Peni inatoka friji mapema kidogo ikae mezani, mana dawa ya baridi inauma zaidi ikiingia, hiyo kila nesi atakwambia. Nanawa. Sindano mpya kila mara, ni fupi, milimita chache tu na nyembamba kama unywele, naifunga naondoa vifuniko viwili. Kama peni ndo mpya nabonyeza kwanza mpaka tone lionekane kwenye ncha, kama siyo mpya naenda moja kwa moja. Nazungusha namba. Mtoto anachagua mahali, ila si kila siku anapopapenda, mana ukichoma sehemu moja kila siku mafuta ya chini ya ngozi yanaweza kupungua pakawa na kishimo, kwahiyo paja la kushoto, kesho la kulia, keshokutwa tako, tumbo hataki kusikia na sijamlazimisha. Nachoma, nabonyeza, tik, tunahesabu. Kwa Kiswahili, hiyo ndo sheria yangu, akitaka nitoe mapema ahesabu kwa Kiswahili. Natoa, sindano inaingia sefti boksi, stika mlangoni. Dakika mbili, na moja na nusu kati ya hizo ni yeye kuzunguka zunguka meza.

Kuuma kupo msidanganywe. Na si sindano peke yake, hata kihifadhi kinachangia, moja ina fenoli, nyingine metakresoli, nyingine benzili alkoholi, na watoto wengine wanahisi kuwashwa moto zaidi kwa hii kuliko ile. Kwahiyo kama mtoto analalamika kila siku kwamba inaunguza, usimwambie tu jikaze, mwambie nesi, inawezekana kubadilisha.

Sasa mtasema haya yote ya kubembeleza mtoto achague ni mambo ya kizungu. Hapana. Kuna utafiti wa New Zealand ulichapishwa 2011, wao hawakuuliza wazazi, walihesabu vichupa vilivyorudishwa, wakakuta asilimia 66 ya watoto wanarukwa zaidi ya sindano moja kwa wiki, na waliorukwa sana walikua pungufu. Na hapa Uingereza kuna mmoja wa 2008 uliokuta kwamba familia ambazo hazikupewa nafasi ya kuchagua kifaa ndo zilikuwa zinaruka zaidi. Inaingia akilini, kitu ulichoshushiwa tu mlangoni na kitu ulichochagua mwenyewe haviwezi kufanana saa mbili usiku. Wale wa easypod nao wana utafiti wao wa nchi 24 uliotoka 2018, mashine zenyewe zimeandika kwamba mwaka wa kwanza watoto walichomwa zaidi ya asilimia 90 ya siku zao, kisha miaka inavyokwenda inashuka. Nauamini kiasi, mana umefanywa na watengenezaji wenyewe, na familia inayokubali mashine imchunge ni familia ambayo ilishajipanga. Lakini kile kipande cha kushuka miaka inavyokwenda hakina haja ya utafiti kwangu, nakiona kwenye stika za mlangoni.

Tuje kwenye friji, mana hapa ndo wazazi wa kwetu tunatofautiana na Waingereza kabisa, na hakuna nesi atakayekwambia mpaka umuulize. Sisi likizo yetu siyo Hispania, ni Dar. Hizi peni zinataka nyuzi 2 mpaka 8. FlexPro ukishaifungua inakaa siku 28 kwenye friji, au siku 21 nje, na watu wengi wanaishia hapo wanafurahi. Endelea kusoma ile karatasi, inasema nje chini ya nyuzi 25. Dar mwezi wa kwanza hata usiku wa manane hupati 25, kwahiyo hizo siku 21 kwa Dar hazipo, zifute.

Na shida siyo umeme kukatika tu. Umeme ukikatika masaa mawili friji iliyojaa usipoifungua fungua inahimili. Shida nyingine ambayo ilinishtua ni friji yenyewe kuwa kali mno, ile ya wifi yangu Tabata ukiweka kitu nyuma karibu na ukuta kinaganda, na homoni ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana salama. Tuliiweka mlangoni, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na kipimajoto kidogo cha buku chache nilichonunua huku kikawa humo humo. Wifi akawatangazia watoto wote wa nyumba kwamba atakayegusa kopo lile atafua nguo za watu wote. Halikuguswa.

Kwenye ndege ibebe mkononi, usithubutu kuiweka kwenye sanduku linaloingia chini, kule inaweza kuganda. Barua ya daktari omba mapema, iandikwe jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasi, itaje sindano. Uwanja wa ndege Dar waliniuliza hizi nini nikatoa barua, wakaisoma, nikapita, hakuna stori kubwa. Njiani tumia kile kipochi cha kulowesha maji wanachotumia watu wa insulini, hakina barafu kwahiyo hakiwezi kuigandisha, ila hicho ni cha safari tu, usikigeuze friji ya wiki tatu.

Kama familia yenu iko huku na huko kila mwaka, ningewaambia muiangalie hii ya kuhifadhi kabla ya habari za skrini na vibandiko. MiniQuick ambazo hazijachanganywa zinavumilia nje kwa muda, ingawa napo soma nyuzi ngapi. Na mnaoniandikia mkiwa nyumbani Tanzania au Kenya, swali lenu la kwanza kwa daktari lisiwe kifaa gani, liwe ni ipi itapatikana mwezi hadi mwezi bila kukatika, mana hii ni dawa ya miaka, na peni nzuri ambayo duka litaileta mara moja tu haikusaidii chochote. Mkipata inayopatikana, hata kama ni kichupa na bomba la kawaida la sindano, chukueni. Watoto kibao wamekua kwa kichupa na bomba.

Walioko Marekani hali yenu ni nyingine kabisa na nawaonea huruma. Binamu yangu huko mwanae anachomwa homoni hiihii, alichokiona kwenye meza ya kliniki hakikuwa na maana, mana bima ndo ina orodha yake na orodha ikibadilika Januari kifaa kinabadilika, mtoto aliyezoea peni moja anaambiwa jifunze nyingine. Juu ya hapo mwaka 2022 Norditropin iliingia kwenye orodha ya dawa adimu ya FDA, wale wanaoruhusu dawa Marekani, wazazi wakawa wanapigia maduka ya dawa simu mji hadi mji. Kwahiyo kwenu ushauri wangu, jifunzeni vifaa viwili, msing'ang'anie kimoja. Hata huku kuna kampuni ya kuleta dawa mlangoni, siitaji jina, iliwahi kutuacha tumekaa sebuleni siku nzima tunasubiri boksi ambalo halikuja, na ile peni ya mwisho ilikuwa imebaki dozi chache. Tangu hapo naagiza mapema.

Sasa hili mnaloniuliza sana, ya mara moja kwa wiki. Ziko tatu kubwa. Skytrofa iliruhusiwa na FDA Agosti 2021, Sogroya kwa watoto Aprili 2023, na Ngenla Juni 2023, na hiyo Ngenla NICE waliikubali hapa Februari 2023 kwa watoto kuanzia miaka mitatu. Ukisikia mara moja kwa wiki badala ya mara saba unataka kuruka juu, nami niliruka. Ila hapa ndo mnapoona mzazi na mtoto hawataki kitu kimoja. Mi nahesabu usiku sita niliopewa bure. Mwanangu aliuliza swali moja tu, hiyo moja inauma kuliko hizi? Na jibu la kweli ni kwamba kwenye majaribio ya Ngenla watoto walioripoti maumivu mahali pa sindano walikuwa wengi kuliko wa peni ya kila siku. Hakuna aliyemficha, nesi alimwambia hivyo hivyo.

Na kwenye friji tena, msifikiri ya wiki ni rahisi kwa vile ni moja. Ngenla ni ya friji tu, kutoka nje inaruhusiwa masaa manne kwa kila sindano, mara tano basi. Skytrofa ndo inakaa nje ya friji mpaka miezi sita chini ya nyuzi 30, ila ile ina mashine yake inayochanganya dawa kila wiki na unaisubiri dakika kadhaa imalize. Na kingine ambacho sioni mkikisema, ya kila siku ukiruka Jumatano umeruka siku moja. Ya wiki ukiisahau umeanza mahesabu, Ngenla kwa mfano unayo nafasi ya siku tatu kuichoma uliyoisahau, zikipita unasubiri zamu inayofuata. Familia ambayo kila siku ni kama mswaki inaweza ikajikuta ya wiki ndo inasahaulika zaidi, nimeona kwa mtu ninayemfahamu vizuri, akahamia akarudi.

Kwangu mimi naona ya wiki inawafaa zaidi watoto wanaolala nyumba mbili, kwa mama siku hizi kwa baba siku zile, au walioko shule za bweni, au vijana wa miaka 14 ambao hawataki rafiki akija kulala aone peni. Kwa mtoto mdogo ambaye sindano ya usiku imeshakuwa kitu cha kawaida sioni haraka. Mtaniambia kama mnaona tofauti.

Mwanangu mwaka huu ameanza kujichoma mwenyewe, na hapo mambo yote niliyoyachagua mimi na bibi yake yamekuwa ya zamani. Ile tik iliyokuwa inamsaidia bibi yeye inamkera. PenMate ambayo hakuitaka akiwa mdogo sasa ameiomba, anasema akiwa anajichoma hataki kuona sindano inavyoingia, nikichoma mimi alikuwa anaangalia bila wasiwasi. Namba anazungusha mwenyewe, mi nazikagua kabla hajachoma na sitaacha kuzikagua hivi karibuni hata akinuna, mana dozi inapangwa kwa uzito na kila kliniki inabadilika kidogo. Stika kazikataa, anaweka alama ya kalamu.

Kliniki ijayo nesi ameahidi kumletea ile ya wiki aishike na kuijaribu kwenye sponji. Baba yake anaitaka, mi niko katikati, yeye amesema ataangalia kwanza ukubwa wa sindano ndo atoe jibu. Akikubali tutahamia na nitawaandikia inavyokwenda, akikataa tunabaki na peni yetu. Maswali yawekeni kwenye komenti jamani, inboksi sijibu tena, na habari za dozi ya mtoto wako muulize daktari wake, hiyo mi siigusi.